Mizani inasoma, laptopu haipokei: ulipie nini Makongolosi?

Mizani inaonyesha gramu 14.62 bila shida, lakini kwenye kompyuta hakuna kinachoingia. Kebo imechomekwa, tundu la pini tisa lipo pale pale nyuma ya laptopu ya zamani, programu iko wazi, na mchimbaji aliyeleta dhahabu yake anasubiri stakabadhi. Hapo ushauri hauchelewi kuja. Mmoja anasema nunua adapta ya USB, mwingine anasema ipeleke kwa fundi Mbeya, wa tatu ana laptopu yake anataka kuiuza. Kila ushauri una bei, na mara nyingi tatizo halihitaji hata mmoja wao.

Kwa mtu wa Makongolosi, gharama haianzii dukani. Kwenda Chunya mjini ni kilometa 39, na kutoka hapo kuvuka milima hadi jijini Mbeya ni nyingine 72. Lami imeifupisha safari, lakini anayefuata kifaa cha shilingi 15,000 bado atalipa nauli ya kwenda na kurudi, atakula njiani, na biashara yake italala siku nzima. Kifaa kikikataa kufanya kazi, safari inaanza upya. Mimi hutenga 40,000 kwa safari kabla ya kufikiria bei ya kifaa chenyewe, na ukiiweka hesabu hiyo mbele, kitu cha bei rahisi hakionekani rahisi tena.

Kwa hiyo anza na jaribio lisilogharimu kitu. Chomoa kebo ya mizani, kisha tazama tundu la laptopu. Pini zimepangwa safu mbili, moja ya tano na nyingine ya nne. Safu ya tano ikiwa juu, hesabu kutoka kushoto: pini ya pili hupokea, ya tatu hutuma, ya tano ni ya ardhi. Chukua klipu ya karatasi au waya laini, ugusanishe pini ya 2 na ya 3 bila kugusa nyingine yoyote. Fungua programu ya bure ya PuTTY, chagua Serial, andika COM1 (jina ambalo kwa kawaida Windows huipa poti hiyo), kisha bonyeza herufi zozote. Herufi zikitokea kwenye skrini, poti yako inatuma na inapokea. Toa klipu, ubonyeze tena: safari hii zisitokee. Zikiendelea kutokea, programu inajiandikia yenyewe na jaribio halijathibitisha chochote.

Poti ikifaulu, usimlipe fundi wa laptopu. Mara nyingi kosa liko kwenye mpangilio au kwenye kebo. Mizani nyingi za A&D, kwa mfano, hutoka kiwandani zikituma kwa kasi ya 2400, biti 7, pariti ya even, wakati programu nyingi za kompyuta huanza na 9600, biti 8, bila pariti. Pande hizo mbili zisipolingana, hupati kitu au unapata alama za ajabu badala ya namba. Kurekebisha ni kazi ya dakika chache ukiwa na kijitabu cha mizani. Upande wa kebo, kuna iliyonyooka na kuna iliyopishanishwa pini 2 na 3, na kwa macho zinafanana kabisa. Ukichomeka isiyo yake, mizani na laptopu zote zinatuma kwenye waya mmoja na hakuna anayesikiliza. Kebo sahihi ni nafuu kuliko kitu kingine chochote nitakachokitaja hapa.

Ikiwa COM1 haionekani kabisa kwenye Device Manager, zima mashine uingie BIOS: Dell nyingi kwa F2, HP kwa F10. Tafuta mstari wa Serial Port. Betri ndogo ya ndani ikifa, mipangilio hujifuta, na poti inaweza kubaki imezimwa bila mwenye mashine kujua. Iwashe, hifadhi, rudia jaribio la klipu.

COM1 ipo lakini klipu haileti herufi hata moja? Sasa kweli kuna uharibifu, na hapa ndipo pesa inapoanza kutoka.

Kukarabati ndiyo njia ninayoipendekeza kwa nadra zaidi. Kinachoungua huwa ni chipu ndogo inayopandisha umeme wa laini hizo. Kanuni ya RS-232, ambayo tundu hilo la pini tisa huifuata, inaruhusu hadi volti 15 chanya na hasi, na hitilafu ya jenereta au radi hupita humo kwa urahisi. Chipu yenyewe si ghali. Ugumu ni kuing'oa kwenye bodi iliyobanana bila kuunguza jirani zake, na fundi anayefanya hivyo anahitaji mashine ya hewa ya moto na mkono mtulivu. Akikutajia bei inayozidi adapta nzuri, mshukuru, chukua laptopu yako uondoke.

Adapta ya USB ndiyo jibu kwa wengi, ila usinunue kwa kuangalia plastiki ya nje. Uliza chipu. Zenye CH340, ya Kichina, ndizo za chini kabisa kwa bei, na kwa mizani inayotuma mstari mmoja wa namba kila ukibonyeza Print zinatosha. Zenye Prolific PL2303 zina mtego wake: chipu za zamani za jamii hiyo, na bandia zake, hukataliwa na draiva mpya za Windows, kwa hiyo kebo iliyofanya kazi miaka yote kwenye Windows 7 inagoma ghafla kwenye Windows 10. Zenye FTDI halisi huuzwa ng'ambo kati ya dola 15 na 25, yaani mara kadhaa ya CH340, nazo hazisumbui. Lakini bandia zipo tele. Mwaka 2014 kampuni hiyo ilitoa draiva iliyozifanya chipu za kuigiza zisitambulike tena na kompyuta, na walioumia ni wanunuzi ambao hawakujua walichouziwa.

Mimi ningelipia FTDI kama duka linakubali kurudishiwa, na kama halikubali ningechukua CH340 mbili, moja ya akiba. Safari moja ya ziada ya Mbeya inagharimu kuliko tofauti yao. Epuka kabisa vile vibao vidogo vyenye pini wazi wanavyouza kwa watu wa elektroniki; navyo huitwa USB kwenda serial, lakini ni vya volti 5 au 3.3, na mizani ya RS-232 inaweza kuviunguza mara moja.

Adapta ikishakubali, huenda Windows ikaipa jina COM7 au COM12. Programu za zamani nyingi hutazama COM1 hadi COM4 tu. Ingia Device Manager, mipangilio ya juu ya poti, uipe namba ya chini iliyo wazi. Nimeona watu wakirudisha dukani adapta nzima kwa sababu ya namba hiyo.

Laptopu nyingine iliyotumika, kama Dell Latitude D630 au HP ProBook 6560b, zote zenye tundu halisi la pini tisa, ina maana kwa mtu mmoja tu: yule ambaye programu yake ni ya enzi za DOS na huongea na poti moja kwa moja bila kupitia Windows. Kwake adapta haisaidii. Wengine wote watanunua betri iliyochoka na diski ya zamani ili kupata tundu ambalo kifaa kidogo cha USB kingelitoa.

Na kama unapima wateja wachache kwa siku, kitabu cha stakabadhi chenye nakala kinatosha, au printa ndogo inayochomekwa kwenye mizani yenyewe. Printa ni ghali kuliko adapta, lakini haijui virusi wala Windows, na mchimbaji anaondoka na namba ileile iliyotoka kwenye mizani. Hilo ni jambo kubwa. Tangu Soko la Madini Chunya lilipofunguliwa mwaka 2019, mrabaha na malipo ya mchimbaji vyote hutokana na uzito ulioandikwa, na gramu moja ya dhahabu safi imeshapita shilingi 200,000. Nane ikisomwa tatu kwenye desimali ya kwanza, mtu amepoteza zaidi ya laki moja.

Chochote utakachochagua, fundi afungue laptopu, asifungue mizani. Mizani ya biashara huhakikiwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka na kuwekewa alama na lakiri, na lakiri hiyo ikishavunjwa huruhusiwi kuipimia dhahabu ya mtu hadi ihakikiwe upya.