Nani Atalipa Nauli ya Anayetusemea? Wananchi na Vikao vya Bei ya Umeme

Neno "umeme" limeanza kusikika tena katika jimbo la Maniema. Kampuni ya Nuru, iliyozindua mtambo wake wa jua mjini Goma mwaka 2020, ilitangaza mwaka 2023 kwamba imepata fedha za kuendelea na kazi Goma, Bunia na Kindu. Huku kusini, Kasongo na Kabambare, watu wengi bado wanaishi kwa plaka ndogo za jua, jenereta na tochi. Lakini siku moja umeme utafika. Utakuja na mkataba, na mkataba utakuja na bei.

Bei hiyo itawagusa watu tunaowajua: mama mwenye friji ya vinywaji, kijana mwenye mashine ya kukoboa mpunga, kituo cha afya kinachotunza chanjo, na kanisa lenye vipaza sauti. Kwa hiyo tunauliza mapema: bei itaamuliwa wapi, na nani kutoka kwetu atakuwapo? Na ndani ya swali hilo kuna lingine dogo ambalo halisemwi sana: atakayekwenda kutusemea, nauli yake italipwa na nani?

Sheria yetu inasema nini

Kwa miaka mingi umeme wa Kongo ulikuwa mikononi mwa SNEL peke yake. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilibadili hali hiyo. Iliruhusu kampuni nyingine kuzalisha na kuuza umeme, na iligawa mamlaka kati ya serikali kuu na majimbo. Kisha, kwa amri za serikali za tarehe 21 Aprili 2016, vikaundwa vyombo viwili. Cha kwanza ni ARE, mamlaka ya kudhibiti sekta ya umeme. Cha pili ni ANSER, shirika la kupeleka umeme vijijini na pembezoni mwa miji.

Kati ya hivyo viwili, ARE ndiyo inayoangalia mambo ya bei, inayofuatilia kama kampuni zinatimiza mikataba yao, na inayopaswa kulinda watumiaji. Makao yake yako Kinshasa.

Hayo ni mema. Lakini kulindwa ni jambo moja, na kusikilizwa ni jambo jingine. Kutoka Kasongo mpaka Kindu ni zaidi ya kilomita 200, na wasomaji wetu wanaijua barabara ile wakati wa mvua. Anayetoka Kabambare ana safari ndefu zaidi. Na akifika Kindu, kama kikao kiko Kinshasa, bado anahitaji tiketi ya ndege. Mlango wa kikao unaweza kuwa wazi kabisa, na mtu wetu asifike mlangoni.

Kiti kimoja kimekwisha kulipiwa

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kampuni ya umeme inapotaka kupandisha bei, hutuma wanasheria, mainjinia na watu wa hesabu kuitetea. Hao wote hulipwa. Gharama hizo huhesabiwa kama sehemu ya kazi ya kampuni, na mwishoni huingia katika bei anayolipa mteja.

Maana yake ni kwamba mteja analipia upande mmoja wa mazungumzo hata kama hajui. Kila anaponunua umeme, senti kidogo inakwenda kwa yule anayesema bei ipande. Upande wa pili, ule wa kusema "subirini, tuhakiki hesabu hii kwanza," hauna mtu wa kuulipia. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya kuwarudishia wananchi gharama zao, hatuombi sadaka. Tunaomba mizani isawazishwe.

Jinsi wengine wanavyofanya

Katika jimbo la California, Marekani, utaratibu huu umo katika sheria tangu miaka ya 1980. Mwananchi au kikundi kinachotaka kushiriki katika kesi ya bei hutoa taarifa mapema kwamba kitadai gharama. Kinaonyesha kwamba kushiriki bila msaada kungekielemea. Kwa vikundi, sheria ile inatazama jambo la busara sana: faida ya kila mwanachama mmoja mmoja ni ndogo ukilinganisha na gharama ya kupigania haki ya wote. Nani atauza mbuzi wake ili jirani elfu moja wapunguziwe senti chache?

Kesi ikiisha, kikundi kina siku 60 za kuleta dai lake, pamoja na maelezo ya saa za kazi na matumizi. Mamlaka ya udhibiti inapima: je, maneno yao yalisaidia kweli uamuzi? Walileta hoja mpya, au walirudia tu ya wengine? Waliosaidia hulipwa, na wanaolipa ni kampuni iliyohusika, ambayo nayo huruhusiwa kuziingiza gharama hizo katika bei. Vikundi kama TURN, kilichoanza San Francisco mwaka 1973, vimefanya kazi ya kutetea watumiaji kwa njia hiyo kwa miaka mingi. Katika Kanada, mamlaka ya nishati ya jimbo la Ontario nayo ina uwezo wa kuamuru wanaoshiriki warudishiwe gharama.

Jirani zetu wa Tanzania walichagua njia nyingine. Sheria ya mwaka 2001 iliyoanzisha EWURA, mamlaka yao ya nishati na maji, ilianzisha pia Baraza la Ushauri la Watumiaji, linalojulikana kama EWURA CCC. Kazi yake ni kuwasemea watumiaji, kupokea malalamiko na kuunda kamati mikoani. Kwa hiyo mkulima hahitaji kuajiri mwanasheria. Kuna chombo ambacho kusema kwa niaba yake ndiyo kazi yake.

Mwishoni mwa 2013 TANESCO iliomba kupandisha bei kwa asilimia 67.87. EWURA iliita mikutano ya taftishi, ndivyo wanavyoita vikao vya kusikiliza wadau na wananchi. Bei iliyopitishwa, kuanzia tarehe 1 Januari 2014, ilipanda kwa asilimia 39.19. Hatusemi kwamba kupungua huko kulitokana na maneno ya wananchi peke yao. Tunasema kwamba ombi la kampuni halikupita kama lilivyoletwa. Lilichunguzwa mbele ya watu.

Kila njia ina udhaifu wake. Baraza linaloishi kwa fedha za umma linaweza kuogopa kuwaudhi wanaolilisha. Na njia ya California hulipa baada ya kazi. Anayedai anapaswa kwanza kutumia fedha zake, kisha kungoja. Mjane wa Wamaza hawezi kuikopesha serikali nauli.

Kurudishiwa gharama si "transport"

Hapa tuseme wazi, kwa sababu katika nchi yetu kuna desturi inayofanana na jambo hili kwa nje lakini ndani ni tofauti kabisa. Sote tunaijua bahasha ya "transport." Mtu anaalikwa kwenye mkutano, anatia sahihi kwenye karatasi ya waliohudhuria, anapiga makofi, na jioni anapokea bahasha. Mara nyingi aliyeandaa mkutano ndiye anayetoa bahasha, na ndiye anayetaka watu wakubali.

Tofauti ni nne.

Kwanza, anayelipa. Bahasha hutoka mkononi mwa mwenye shauri. Gharama zinazorudishwa kwa haki huamuliwa na mamlaka ya udhibiti, na kampuni haiwezi kuzinyima kwa sababu haikupenda maneno yaliyosemwa.

Pili, kinacholipwa. Bahasha hulipa kuwapo. Utaratibu mzuri hulipa kazi: kusoma hesabu, kuuliza wananchi, kuandika hoja, kusafiri.

Tatu, ushahidi. Bahasha haina risiti. Dai la haki lina risiti ya pikipiki, ya chumba cha kulala, ya karatasi zilizochapwa, na kila mtu anaweza kuliona.

Nne, uhuru. Aliyepewa bahasha hurudi nyumbani na deni moyoni. Aliyerudishiwa gharama zake halali hana deni kwa mtu.

Ndugu zetu wa Salamabila na vijiji vinavyozunguka mgodi wa Namoya hawahitaji kuelezwa sana jinsi mazungumzo na kampuni yanavyoweza kugawanya watu, pale ambapo haijulikani nani alimtuma nani na nani alipokea nini. Umeme usitupitishe njia hiyo.

Hesabu ndogo

Wengine watasema: mkiongeza gharama za wananchi katika bei, si bei itapanda? Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mtandao mdogo una nyumba 1,000. Wajumbe watatu pamoja na mtu mmoja wa hesabu wanatumia dola 2,400 kwa kesi nzima. Zikigawanywa kwa nyumba zote kwa mwaka mmoja, kila nyumba inachangia senti 20 za dola kwa mwezi. Sasa tuseme kwa sababu ya kazi yao bei inashuka kwa senti 5 kwa kila kilowati-saa, na nyumba inatumia kilowati-saa 10 kwa mwezi. Nyumba hiyo inaokoa senti 50 kwa mwezi. Imetoa 20 na kuokoa 50. Na mwaka unaofuata haichangii tena zile 20, lakini nafuu inaendelea.

Hesabu inaweza kwenda vibaya pia, ikiwa wajumbe ni wengi mno au hawakujiandaa. Ndiyo maana sharti la "kusaidia uamuzi" ni muhimu.

Yethro aliona nini

Katika Kutoka sura ya 18, Yethro anamtembelea mkwewe Musa na kuwakuta watu wamesimama tangu asubuhi mpaka jioni wakingoja kusikilizwa. Tumezoea kuhubiri kwamba Yethro alimhurumia Musa aliyechoka. Lakini alisema pia kwamba watu wenyewe watachoka. Dawa yake ilikuwa kuisogeza haki karibu nao: viongozi wa elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi, watu wanaochukia rushwa.

Na katika Hesabu sura ya 27, binti watano wa Selofehadi walisimama mlangoni pa hema la kukutania, wakaeleza shauri lao, na sheria ya urithi ikabadilishwa. Walifika kwa sababu hema lilikuwa katikati ya kambi. Kama lingekuwa mwendo wa siku nyingi, huenda tusingesikia habari zao.

Tunachoweza kufanya sasa

Tusingoje nguzo zisimamishwe. Tunapendekeza mambo matano kwa makanisa yetu, pamoja na ndugu Wakatoliki na Waislamu, maana bei ya umeme haiulizi dini.

Moja: kila mji uwe na kamati ndogo ya watumiaji, yenye wanawake ndani yake, iliyochaguliwa hadharani.

Mbili: tuwaombe wabunge wetu wa jimbo na wa taifa kwamba kila mkataba wa umeme Maniema useme wazi jinsi wananchi watakavyosikilizwa na jinsi gharama zao zitakavyolipwa, sehemu yake kabla ya safari.

Tatu: tuombe vikao vifanyike Kasongo na Kabambare, na kwamba maandishi na maneno ya redio na simu yakubaliwe pale ambapo safari haiwezekani. Gharama iliyo rahisi kuliko zote ni ile isiyotumika.

Nne: kanisa likikopesha nauli ya mjumbe, liandike kama mkopo, na fedha zikirudi zirudi katika sanduku la kanisa, zikisomwa mbele ya washirika.

Tano: tuwafundishe vijana wetu wenye kipaji cha hesabu kusoma bei inavyojengwa, ili tutakapopata nafasi ya kusema tuwe na la kusema.

Tunaomba kwa ajili ya umeme, na ni vema kuomba. Pamoja na maombi hayo, tuchague mapema atakayetusemea, tumtume kwa uwazi, na tuhakikishe anaweza kufika, kusema kweli na kurudi nyumbani bila deni kwa mtu yeyote.