Embe dogo la Tabora: rahisi kwa fungu, ghali kwa kilo

Kila mwisho wa mwaka, mvua zinapoanza, embe la kienyeji hujaa sokoni Tabora na bei yake huporomoka kwa siku chache tu. Miti mingi huivisha kwa pamoja na tunda halihifadhiki. Mchuuzi aliyenunua tenga asubuhi huweza kufika jioni akiuza fungu kwa bei ya kutupa.

Miembe hiyo haikupandwa kwa ajili ya soko. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliojenga kituo cha Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, waliisambaza kandokando ya njia ya misafara ya pembe na watumwa kati ya Bagamoyo na Ujiji. Burton na Speke walipofika Kazeh Novemba 1857, kituo kilikuwa tayari na shughuli nyingi. Kwa msafara, mwembe ulikuwa kivuli kwanza, tunda baadaye. Uliota kwa kokwa bila kubebeshwa, na hadi leo matunda hutofautiana mti hadi mti. Mengi ni madogo, matamu, yenye nyuzi.

Kwa mlaji wa mtaani udogo si kasoro. Fungu linaonekana kubwa, watoto wanagawana. Kwa mwenye kukamua juisi mambo ni mengine, kwani kokwa na ganda huchukua sehemu kubwa zaidi ya uzito wa tunda dogo.

Tuchukue mfano. Kilo 100 za embe dogo kwa sh. 300 kila kilo zikitoa kilo 50 za nyama, kilo moja ya nyama imegharimu sh. 600. Embe kubwa, tuseme dodo, likinunuliwa kwa sh. 400 na kutoa kilo 70, nyama yake inasimama kwenye sh. 571. Lililoonekana rahisi ndilo ghali, na bado hajalipwa mmenyaji ambaye kazi yake imeongezeka maradufu. Kwa hesabu hiyo embe dogo halifai kuzidi sh. 285. Mnunuzi afanye jaribio lake kwa ndoo moja kabla ya kulipia mzigo.

Hasara nyingine huanzia mtini. Miembe ya zamani ni mirefu mno, matunda hutikiswa yakaanguka, na embe lililopondeka halisafiri. Aidha, tangu 2003 nzi wa matunda kutoka Asia, Bactrocera dorsalis, ameenea Afrika Mashariki. Hutaga mayai ndani ya tunda, na ganda huweza kuonekana zima wakati ndani mna funza. Anayenunua mti mzima ungali na maua hujibebesha hatari hiyo yote, hivyo bei yake lazima iwe chini sana.

Lakini kuna mali ambayo wengi huitupa jalalani: kokwa. Mche wa embe la kienyeji ni mgumu, hivyo wenye vitalu huutumia kama shina la kubebeshea aina kubwa zinazopendwa sokoni. Mwembe uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, mapema kuliko ule wa kokwa. Kokwa hupoteza uwezo wa kuota upesi, kwa hiyo mkamua juisi mwenye marundo yake Desemba apatane na mwenye kitalu kabla msimu haujaanza, na azikabidhi zikiwa mbichi.