MWANAMUZIKI DARASANI: JE, ANAMNYANG'ANYA MWALIMU KAZI?



Katika mkutano wa matawi, ndugu mmoja mwalimu alisimama akatuuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu siku ile ile. Alisema: "Tunasikia kwamba huko Marekani wapiga muziki wa bluzi huingia shuleni wakafundisha watoto historia ya muziki. Je, sisi walimu tutabaki na kazi gani? Na huyo mpiga muziki analipwa na nani?" Tuliahidi kutafuta habari. Haya ndiyo tuliyoyapata, na twayaeleza katika ukurasa huu kwa sababu ni mambo ya kazi na ujira, si mambo ya starehe tu.

Kwanza, bluzi ni nini?

Bluzi ni muziki wa Wamarekani Weusi wa kusini mwa Marekani. Utumwa ulikomeshwa nchini humo mwaka 1865. Watu walipewa uhuru, lakini hawakupewa ardhi. Wengi walibaki kulima pamba katika mashamba ya wale wale waliokuwa mabwana zao, kwa mpango wa kugawana mavuno. Mwenye shamba alitoa ardhi, mbegu na chakula kwa mkopo. Mwisho wa mwaka hesabu ilifanywa, na kalamu ilikuwa mkononi mwa mwenye shamba. Mara nyingi mkulima alijikuta bado anadaiwa. Msomaji na awaulize wazee wake waliofanya kazi katika mashamba makubwa wakati wa ukoloni kama hawakuijua kalamu ya namna hiyo.

Huko mashambani kulikuwa na nyimbo za kazi: mmoja anatangulia, wenzake wanaitikia, na majembe yanashuka kwa pamoja. Kulikuwa na nyimbo za kanisani pia. Humo ndimo ilimotoka bluzi. Mara nyingi mwimbaji hutoa mstari mmoja, huurudia, kisha mstari wa tatu hutoa jibu. Ni mpango mwepesi, na ndiyo sababu hata mtoto wa darasa la nne anaweza kuutilia maneno yake mwenyewe.

Mwaka 1912 W.C. Handy alichapisha wimbo wa "The Memphis Blues", na mwaka 1920 Mamie Smith aliimba "Crazy Blues" katika santuri. Santuri hiyo ilinunuliwa sana, na makampuni yakatambua kwamba kuna fedha katika muziki wa watu weusi. Lakini wanamuziki wengi walilipwa mara moja tu, siku ya kurekodi, na haki ya wimbo ikabaki kwa mwingine.

Pili, muziki huo ulihama pamoja na wafanyakazi

Tangu miaka ya 1910 mpaka 1970, watu weusi wapatao milioni sita waliondoka kusini wakaenda kutafuta kazi katika miji ya viwanda. Mmoja wao alikuwa Muddy Waters, aliyekuwa dereva wa trekta katika shamba moja la pamba huko Mississippi. Kisa chake kinasimuliwa hivi: alikuwa akilipwa senti 22 na nusu kwa saa, akaomba senti 25, msimamizi akakasirika. Mwaka 1943 alipanda treni kwenda Chicago. Huko alipata kazi katika kiwanda cha karatasi, na usiku alipiga gitaa. Baadaye akawa mmoja wa wakuu wa bluzi ya gitaa la umeme.

Ndugu wasomaji, tazameni. Ukimfundisha mtoto habari za Muddy Waters, umemfundisha pamba, treni, kiwanda, ujira na ubaguzi wa rangi. Somo la muziki limekuwa somo la historia. Hiyo ndiyo maana ya kumwita mpiga bluzi darasani.

Tatu, kazi yenyewe inafanywaje?

Mwaka 1978, mpiga kinanda cha mdomo wa Chicago aitwaye Billy Branch alianza kufundisha bluzi katika shule, kwa msaada wa baraza la sanaa la jimbo la Illinois. Yeye alikuwa amejifunza kwa wazee, akiwemo mtunzi Willie Dixon ambaye alipiga naye katika bendi. Branch haji shuleni mara moja akapiga nyimbo tatu akaondoka. Hukaa na watoto kwa wiki kadhaa. Huwaeleza bluzi ilikotoka, huwafundisha kupiga na kuimba, huwafanya watunge maneno yao, na mwisho watoto hupanda jukwaani mbele ya wazazi.

Huko Clarksdale, Mississippi, katika nchi ya pamba yenyewe, kuna jumba la makumbusho ya bluzi lililoanzishwa mwaka 1979. Watoto huenda hapo baada ya masomo, na walimu wao ni wanamuziki wa kazi. Mmoja wa watoto waliofundishwa hapo ni Christone Ingram, aitwaye "Kingfish", aliyezaliwa mwaka 1999. Mwaka 2022 alipata tuzo ya Grammy kwa santuri yake ya bluzi. Kwa hiyo ufundi ulitoka mkononi mwa mzee ukaingia mkononi mwa kijana, wala haukuzikwa.

Nne, nani analipa?

Hapa ndipo chama cha wafanyakazi kinapoingia. Wanamuziki wa Marekani wana chama chao kilichoanzishwa mwaka 1896. Tuseme ukweli wote: chama hicho chenyewe kilikuwa na matawi ya weupe na matawi ya weusi mbalimbali. Chicago walikuwa na tawi namba 10 la weupe na namba 208 la weusi, na hayakuunganishwa mpaka mwaka 1966. Chama kinachowagawa wanachama kwa rangi kinamsaidia mwajiri. Walichelewa kulijua hilo.

Hata hivyo, walifanya jambo moja la kukumbukwa. Santuri zilipoenea, wenye mabaa na vituo vya redio waliacha kuita bendi, wakacheza santuri. Mwanamuziki alikuwa ametengeneza kwa mkono wake kitu kilichomfukuza kazi. Tarehe 1 Agosti 1942 chama, chini ya James Petrillo, kiliamuru wanachama wasirekodi tena. Mgomo huo ulidumu zaidi ya miaka miwili, mpaka makampuni makubwa ya mwisho yalipokubali mwezi Novemba 1944 kutoa fedha kidogo kwa kila santuri na kuziweka katika mfuko. Mwaka 1947 ikapitishwa sheria iliyokizuia chama kuutawala mfuko kama huo. Wakagoma tena mwaka 1948, na ukaundwa mfuko mpya chini ya mdhamini asiye wa upande wowote. Mfuko huo upo mpaka leo. Hulipa wanamuziki wapige bure kwa wananchi katika bustani, hospitali na shule.

Fahamuni neno hilo "bure". Ni bure kwa mtoto anayesikiliza, si bure kwa fundi anayepiga.

Tano, jibu letu kwa ndugu mwalimu

Mpango ukiwa mzuri, mwanamuziki hamwondoi mwalimu. Mwalimu anajua tarehe, anajua watoto wake kwa majina, anajua kusahihisha madaftari. Mwanamuziki anajua jinsi kidole kinavyouma juu ya waya, na jinsi mtu anavyopiga usiku kucha halafu akakosa nauli ya kurudi. Kila mmoja ana ujuzi ambao mwenzake hana. Lakini mkubwa wa shule akimwachisha mwalimu wa muziki, kisha akaita wanamuziki kwa posho kidogo wajaze pengo, hapo wote wawili wameibiwa, na wote wawili wanapaswa kukataa kwa sauti moja.

Jambo hili si la Marekani peke yake. Sisi wenyewe tunamjua mzee mmoja mpiga zeze aliyeitwa katika shule moja awaonyeshe watoto ngoma na nyimbo za zamani. Alifunga kibanda chake cha kushona viatu siku hiyo. Alipiga tangu asubuhi mpaka adhuhuri, akajibu maswali, akawashikisha watoto zeze lake mmoja mmoja mpaka waya ukakatika. Alipewa soda moja na kupigiwa makofi. Tulipomwuliza kwa nini hakudai, alisema: "Nimdai nani? Wale ni wajukuu zangu." Tulinyamaza, maana alisema kweli. Lakini waya wa zeze haununuliwi kwa makofi. Mwaka uliofuata walipomwita tena, hakwenda, na watoto ndio waliokosa.

Kwa hiyo twashauri matawi ya walimu na vikundi vya wanamuziki wakae pamoja kabla ya mtu kuingia darasani, na waandike mapatano mafupi yenye mambo haya:

1. Siku ngapi na saa ngapi, pamoja na saa za kutayarisha somo.
2. Ujira ni kiasi gani, na utalipwa siku gani.
3. Nauli na chakula ni juu ya nani.
4. Chombo kikiharibika, nani atakitengeneza.
5. Nyimbo zikirekodiwa, haki yake ni ya nani.
6. Mwalimu wa darasa abaki darasani, na nafasi yake ya kazi isiguswe.

Karatasi moja yatosha. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi kabla hajatia dole gumba.

Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi twaongeza: mgema asiyelipwa huacha kupanda mnazi. Wazee wenye historia ya muziki wetu wapo bado katika mitaa yetu, na watoto wapo darasani. Mlango wa kuwakutanisha ni mwembamba, lakini ukifunguliwa kwa haki, mwalimu na mwanamuziki watapita wote wawili.