Kesho Zaidi ya Moja: Namna Warsha ya Mipango ya Kata Inavyoendeshwa

Katika Bonde la Eyasi, kilimo cha vitunguu hutegemea mambo mawili: maji ya chemchemi yanayofika mashambani kwa mifereji, na soko lililoko ndani ya nchi na nchini Kenya. Mpango wa kijiji ulioandikwa kwa kudhani kwamba maji hayatapungua na soko halitayumba huweza kuharibika kabla ya kutekelezwa. Wakazi wa mikoa ya Kaskazini wanakumbuka mafuriko ya El Niño ya 1997/98 na ukame wa 2008/09 ulioua mifugo mingi. Ni vyema basi kupanga kwa kutazama hali kadhaa zinazoweza kutokea.

Utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, unaotumika nchini kuibua mipango ya vijiji na mitaa, huanza na rasilimali na jitihada za wananchi wenyewe. Zoezi la kutafakari kesho huweza kuingizwa ndani yake, na huendeshwa kwa hatua nne.

Hatua ya kwanza ni kuchagua washiriki. Bonde moja hutumiwa na wakulima, wafugaji wa Kidatoga na Wahadzabe wanaotegemea pori. Wote huhitajika, pamoja na wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na wenye mashamba mwishoni mwa mfereji, ambao huwa wa kwanza kukosa maji. Mwezeshaji huwagawa katika vikundi vidogo, kwa kuwa katika kikao kikubwa wachache ndio husema.

Hatua ya pili ni kutaja mambo yasiyotabirika. Kila kikundi huandika kwenye bango kitita mambo yaliyo nje ya uwezo wa kijiji, kisha warsha huchagua mawili yenye athari kubwa zaidi. Kwa mfano: je, maji yatatosha au yatapungua? Je, soko litakuwa zuri au baya? Maswali hayo mawili huzaa hali nne.

Hatua ya tatu ni kusimulia. Kila kikundi hupewa hali moja na kueleza maisha ya kijiji yatakavyokuwa baada ya miaka kumi: nani atahama, zamu za maji zitagawanywaje, shule na zahanati zitahudumia watu wangapi. Mwezeshaji hauliizi ukumbi hali ipi inapendwa, wala hatoi majibu yake. Kazi yake ni kuuliza, kulinda muda na kuhakikisha mnyonge anasikika.

Hatua ya nne ni kuupima mpango. Kila mradi uliopendekezwa hupitishwa katika hali zote nne. Kukarabati mifereji inayovujisha maji kuna manufaa katika kila hali. Ndivyo ilivyo pia kulinda vyanzo vya maji, ambapo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuathiri hifadhi yake ndani ya mita 60. Miradi hiyo hutangulia. Kufungua mashamba mapya ya umwagiliaji kunafaa tu iwapo maji na soko vyote vitakuwa vizuri, hivyo husubiri. Warsha hukubaliana pia dalili za kufuatilia, kama vile kina cha maji kwenye chemchemi, idadi ya siku kati ya zamu moja na nyingine, na bei ya gunia.

Warsha haipitishi mpango wala haileti fedha. Mapendekezo hupelekwa Halmashauri ya Kijiji, kisha Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ndio wenye kauli. Baada ya hapo hufika Kamati ya Maendeleo ya Kata, na hatimaye Baraza la Madiwani, ili yaingizwe katika bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai.

Mkutano Mkuu wa Kijiji hufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe. Mkazi asiyehudhuria huwaachia wengine waamue maji yatagawanywaje siku yatakapopungua. Tarehe za mikutano hupatikana katika ofisi ya Afisa Mtendaji wa Kijiji.