Nyota mu kadre, ku ukuta wa saloni

Kasapa watu wengi wanaijua juu ya vitu viwili: université na prison. Sisi tulienda kule juu ya kitu cha tatu. Kando ya campus, pale wanafunzi wanafanyisha fotokopi, tulitaka watutoshee foto moja ya mbinguni ku karatasi kubwa, tuitie mu kadre na kuitundika mu saloni.

Ya kwanza ilitoka mbaya, ukungu mutupu. Kosa lilikuwa letu. Tulileta foto iliyopita kwa WhatsApp, na WhatsApp inapunguza foto mpaka inabaki ya kuangalia mu telefone tu. Tulirudia, tukachukua ile kubwa yenyewe ku site ya NASA, watu wa Marekani wanaotumikisha teleskopu hizi. Hawadai makuta: foto zao, mutu yeyote ana ruhusa kuzitosha na kuzitundika nyumbani kwake. Kwa hiyo, kama muuzaji anakuambia bei ni kali juu analipa droits kule Amerika, mulipe karatasi, wino, mbao na vioo. Ile ingine ni hadithi.

Foto yetu ni ile ya nguzo tatu za moshi, iliyopigwa na teleskopu Hubble mu mwaka 1995. Fundi wa kadre aliiangalia, akachukua mukasi. Kona ya juu ilikuwa nyeusi, yenye kukatika kama ngazi, naye alifikiri ni uharibifu wa mashine. Tulimushika mukono. Ile kona ni ya foto yenyewe: kamera ya Hubble ilikuwa na macho mane, na moja lilikuwa linaona karibu zaidi, kwa hiyo kipande chake kilipopunguzwa kulingana na vingine, kiliacha pengo. Tukaiacha vile.

Sasa, juu ya nini mutu wa Lubumbashi atundike moshi wa mbinguni? Wazee watakumbuka: mu kambi za Union Minière, na nyuma mu zile za Gécamines, saloni bila tableau haikuwa saloni. Ilikuwa mamba muntu na nywele zake, ao Colonie belge na fimbo yake, ao Lumumba. Wachoraji walipaka rangi ku kitambaa cha mifuko ya unga. Tshibumba Kanda Matulu, mu miaka ya 1973 na 1974, alichora histoire yote ya inchi, tableau karibu 100, na mwalimu mumoja wa université, Johannes Fabian, akazichukua zote na akaandika maneno yake. Watu waliita zile tableau ukumbusho. Hazikuwa za kupendeza macho tu: mugeni anaikala, anauliza, na tata anaanza kusimulia.

Foto ya nyota inaweza kufanya kazi ile ile, lakini lazima mwenye nyumba ajue cha kusimulia. Wengi wanadanganyana hapa. Wanasema: ukifika kule juu, utaona rangi hizi hizi. Hapana. Hubble ilipiga foto nyeusi-na-nyeupe, kila moja kupitia kioo kinachoacha mwangaza wa kitu kimoja tu. Ile ya soufre wakaipa nyekundu, ya idrojeni kijani, ya oksijeni buluu, kisha wakazipandisha moja juu ya ingine. Soufre, tunasema! Ile ile inayotengeneza acide ya kusafisha madini mu usine zetu. Rangi ni za kuchagua, lakini kila rangi inaonyesha kitu cha kweli, kama vile ku karte ya géologue.

Teleskopu mupya, James Webb, ilirushwa tarehe 25 Desemba 2021, ikaenda kilometa milioni 1,5 mbali na sisi, karibu mara ine ya safari ya mwezi. Yenyewe inaona ule mwangaza wa joto ambao jicho halioni. Wewe uliyetumika ku four unaujua: chuma kimeacha kuwa chekundu, lakini ukisogeza mukono unasikia moto. Kioo chake kina metre 6,5, vipande 18 vya beriliomu, na juu yake dhahabu nyembamba sana. Dhahabu yote pamoja haipiti gramu 50.

Lakini kama tungekuwa na kadre moja tu ya kuchagua kwa nyumba ya muchimbaji, tungechagua ingine. Mu Februari 1987, nyota moja kubwa ilipasuka, mu lile wingu la nyota liitwalo Magellan Kubwa. Ilionekana bila teleskopu, upande wetu wa kusini wa dunia, kwa miezi. Na kitu gani kiliifanya iendelee kuwaka? Kobalti. Mulipuko ulizaa nikeli isiyotulia, nikeli ikageuka kobalti, kobalti ikageuka chuma, na kila mugeuko ulitoa nguvu. Uzito wake ulipita dunia yetu zaidi ya mara 20.000. Ile si kobalti ya mifuko yetu, ni ndugu yake asiyedumu. Yetu ni ile inayotulia, lakini nayo ilipikwa mu nyota za namna ile, zamani sana, mbele ya dunia kuwa. Mukuba pia, sehemu kubwa, ulitoka mu nyota kubwa. Hubble ilipiga foto ya fasi ile: pete yenye vidoti vya mwangaza, kama mukufu. Mutoto anayerudi kutoka masomo na kusikia kobalti inatajwa juu ya bei, vumbi na ajali tu, aone na hii.

Neno moja linatusumbua. Kila foto inayopanda ku ukuta inaweza kushusha tableau, na wachoraji wa muji huu wamepoteza kuta nyingi. Sisi hatukushusha kitu. Nguzo tatu ziko kati ya sahani ya mukuba iliyopigwa nyundo na mamba muntu ya bibi, aliyesema moshi ule haufai kukaribia mwanamuke wa maji, lakini akaacha.

Wanaotumika poste ya asubui wana bahati, juu hawahitaji kadre. Mu Agosti na Septemba, saa kumi ya usiku, mbali na taa za usine, angalieni kusini. Kama hakuna mwezi, mutaona kipande kidogo cha moshi kisichoenda na upepo. Njo fasi ile nyota ilipasukia.