Kura ya mgomo yatikisa soko kabla ya mgomo wenyewe

Agosti 9, 2023 bei ya gesi katika soko la Ulaya ilifikia kupanda kwa karibu asilimia 40 katika siku moja, ingawa hakuna mfanyakazi aliyekuwa amegoma. Chanzo kilikuwa Australia, ambako wafanyakazi wa mitambo ya kampuni za Woodside na Chevron walikuwa wakijiandaa kwa mgomo.

Kwa mujibu wa sheria ya kazi ya Australia ya mwaka 2009, mgomo halali hauanzi ghafla. Chama cha wafanyakazi hupeleka kwanza maombi ya kura ya siri kwenye Tume ya Fair Work. Palipo na mkataba wa hali bora, maombi hayapokelewi mapema kuliko siku 30 kabla ya muda wake kwisha.

Tume huangalia iwapo chama kinajadiliana kwa dhati na mwajiri, na hutakiwa kuamua ndani ya siku mbili za kazi inapowezekana. Kura hupita iwapo angalau nusu ya wanaostahili wamepiga, na zaidi ya nusu ya kura halali zimeunga mkono. Tangu Juni 2023, pande zote hulazimika pia kuhudhuria usuluhishi wakati kura ikiendelea. Baada ya hapo mwajiri hupewa notisi, kwa kawaida siku tatu za kazi.

Anayefuata hatua hizo hafukuzwi kwa kugoma, lakini muda wa mgomo halipwi. Tume nayo inaweza kuusimamisha mgomo unaohatarisha maisha au uchumi wa nchi.

Kwa mfanyabiashara, kila hatua ni tarehe ya kuangaliwa. Woodside ilielewana na wafanyakazi wake Agosti hiyohiyo, bila mgomo. Kwa Chevron, ambayo mitambo yake ya Gorgon na Wheatstone hutoa zaidi ya asilimia 5 ya gesi ya kimiminika duniani, mgomo ulianza Septemba 8 na kusitishwa Septemba 22, pande zote zilipokubali mapendekezo ya Tume.

Hivyo, aliyengoja mgomo ndipo anunue alichelewa kwa mwezi mzima. Naye aliyenunua kwa pupa bei ilipofikia kilele alisahau kwamba kura ni ruhusa ya kugoma, si mgomo. Mara nyingi chama huitumia kama fimbo mezani.