Kugawa Sawa si Kugawa kwa Haki: Uwianishaji wa Mzigo katika Njia za Mtandao Zisizolingana

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa njia mbili zilimshinda fisi. Alitaka kuzifuata zote kwa wakati mmoja, na tamaa ikamponza. Mitandao ya kompyuta hulitenda jambo hilo hilo kila siku na kunusurika, ila kwa sharti moja: njia zisizolingana zisibebeshwe mizigo inayolingana. Makala haya yanalenga kueleza sharti hilo, hitilafu zinazotokea linapopuuzwa, na hatua za kuzitatua. Aidha, yanadai kwamba chanzo cha baadhi ya makosa ya uwanja huu kinaweza kuonekana katika neno moja la Kiswahili, yaani "sawa".

Suala la istilahi

Ruta ni kifaa kinachoamua pakiti za data zipite njia gani. Upana wa njia ni kiasi cha data ambacho njia hiyo inaweza kupitisha kwa sekunde moja. Kuhusu kugawanya data kati ya njia kadhaa, neno linalojitokeza kwanza ni "kusawazisha mzigo". Hapa ndipo utata huanza. "Sawa" hubeba maana mbili: kulingana kwa kiasi, na kuwa sahihi. Msemaji hudhani kwamba kilicholingana ndicho kilicho sahihi. Kinyume chake, neno "uwiano" hudai kila upande upewe kadiri ya uwezo wake. Kwa hiyo, "uwianishaji wa mzigo" ni istilahi inayofaa zaidi panapohusika njia zisizolingana.

Msafiri atokaye Machakos kwenda Nairobi ataelewa upesi. Anaweza kupitia Kyumvi, Athi River na Mlolongo kwa barabara kuu ya Mombasa, au azungukie Kangundo na Tala. Iwapo magari yote yangegawanywa nusu kwa nusu, barabara nyembamba ingesongamana ilhali ile pana ina nafasi tele.

Hesabu ya njia mbili

Ichukuliwe kampasi ndogo ya kubuni mjini Machakos, iliyounganishwa na makao makuu ya chuo jijini Nairobi kwa njia mbili. Ya kwanza ni mkongo wa faiba wenye upana wa megabiti 100 kwa sekunde; ya pili ni mawimbi ya redio yenye megabiti 20. Ruta ikigawa pakiti moja huku na moja kule, njia ya redio hujaa ifikapo megabiti 20. Kwa kuwa faiba hupewa kiasi kile kile, nayo hubeba 20 tu. Jumla ni 40. Kati ya megabiti 120 zinazolipiwa, 80 hulala bure, na mwanafunzi anayetuma kazi yake saa ya mwisho huambiwa kuwa mtandao umejaa. Ugavi ukifanywa kwa uwiano wa 5 kwa 1, megabiti zote 120 hupata kazi.

Itifaki ya OSPF hugawa mzigo kati ya njia zenye gharama sawa pekee. EIGRP, iliyobuniwa na kampuni ya Cisco na maelezo yake kuchapishwa kwa umma mwaka 2016 katika waraka wa RFC 7868, huruhusu njia zenye gharama tofauti. Gharama hukadiriwa kutokana na sehemu nyembamba kuliko zote katika njia pamoja na jumla ya ucheleweshaji.

Hitilafu na utatuzi

Kwanza, upana ulioandikwa huenda usiwe upana halisi. Ruta husoma kasi ya tundu lake, wala haijui huduma iliyonunuliwa. Tundu la megabiti 100 lililounganishwa na redio ya megabiti 20 huhesabiwa kuwa 100, na njia mbili zisizolingana huonekana pacha. Mtaalamu hana budi kupima kila njia peke yake, kisha aiandikie ruta kipimo cha kweli. Hatua hii hutangulia nyingine zote.

Pili, njia ya pili huenda isitumike kamwe. EIGRP huwa na kizidishi ambacho kwa kawaida ni 1, maana yake ni njia bora tu. Katika mfano wetu, ucheleweshaji ukiwekwa kando, gharama ya redio ni mara 5 ya faiba. Kizidishi cha 4 kitaiacha nje. Cha 6 kitaiingiza, na mzigo utagawanywa kwa kinyume cha gharama: yenye gharama kubwa hupata kidogo.

Tatu, kizidishi huongezwa na njia isitokee. Hapa kuna sharti la usalama: umbali ambao ruta jirani inautangaza kufikia mwisho wa safari lazima uwe mdogo kuliko umbali bora wa ruta inayouliza. Sharti hilo likikosekana, huenda jirani anapitia kwa huyo huyo anayemuuliza, na pakiti zikazunguka bila kikomo. Kuongeza kizidishi hakusaidii. Kinachotakiwa ni kuchunguza umbali unaotangazwa na jirani.

Nne, ugavi huweza kufanywa kwa pakiti au kwa mazungumzo. Ukifanywa kwa pakiti, zilizopita njia ya haraka huwahi kabla ya zilizotangulia kutumwa. Itifaki ya TCP huweza kudhani nyingine zimepotea, ikazituma upya na kupunguza mwendo. Ukifanywa kwa mazungumzo, mpangilio huhifadhika, lakini upakuzi wa faili moja hubaki katika njia moja. Basi, mwanafunzi mmoja asipofikia megabiti 120, hiyo si hitilafu.

Njia mbili zilizo moja

Uwiano sahihi hauokoi njia zenye udhaifu mmoja. Kutoka Nairobi, sehemu kubwa ya mawasiliano ya nje huteremka hadi Mombasa na kuingia katika mikongo ya baharini. Mnamo Februari 2012, nanga ya meli iliukata mkongo wa TEAMS karibu na Mombasa. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika yote miwili karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Kenya na nchi jirani. Aliyenunua njia mbili zilizotegemea mikongo hiyo miwili alikuwa na majina mawili na ajali moja. Mtaalamu anapaswa kuuliza kila njia inapita wapi hadi mwisho, kabla hajauliza upana wake.

Hitimisho

Utatuzi basi una mpangilio: kupima upana, kukagua gharama na kizidishi, kuchunguza sharti la jirani, kuchagua namna ya ugavi, na kuhakiki mapito. Yote hujengwa juu ya tofauti ambayo mwanafunzi wa lugha huiona mapema kuliko fundi: tofauti kati ya usawa na uwiano. Wanaounda istilahi za teknolojia ya habari kwa Kiswahili wana wajibu wa kuilinda, kwa kuwa fundi aliyefundishwa "kusawazisha" atagawa nusu kwa nusu, na kampasi italipia megabiti 120 ili itumie 40.